Ua la Ubaoni

Nyumba yangu hapa Ifakara haina ukuta wa matofali. Imezungukwa na hibiskasi, ile miti mifupi yenye maua mekundu ambayo karibu kila shule niliyopata kufundisha iliipanda kando ya njia ya kwendea ofisini. Ni mmea usio na makuu. Unakata tawi, unalichomeka ardhini masika yanapoanza, na baada ya muda si mrefu una uzio wa kuzuia mbuzi. Nimepita kando ya maua hayo asubuhi na jioni kwa miaka mingi, na kama mtu angeniuliza iwapo ninalijua ua la hibiskasi, ningecheka. Mimi ni mwalimu. Ua hilo nimelichora ubaoni mara zisizohesabika.

Miaka michache iliyopita mjukuu wangu wa kike, anayesoma Dar es Salaam, alikuja likizo kunisalimia. Alikuwa na simu, kama vijana wote, lakini juu ya jicho la kamera ya simu hiyo alikuwa amebana kilenzi kidogo ambacho upana wake haukuzidi kifuniko cha chupa ya soda. Saa moja asubuhi, kabla upepo haujaanza, alipiga magoti kwenye umande, akasogeza simu karibu na ua moja kiasi cha kutaka kuligusa, akaziba pumzi. Nikasogea, nikamwuliza anatafuta nini.

"Subiri, Babu," akasema. "Hata pumzi yako inalitikisa."

Alipomaliza alinipa simu nitazame. Nilivaa miwani. Katikati ya petali tano ilisimama nguzo nyekundu yenye mng'ao wa nta. Nguzo hiyo haikuwa fimbo moja, bali bomba. Kwenye ngozi ya bomba hilo, sehemu ya juu, zilichomoza nyuzi fupi nyingi, kila uzi umebeba kifuko kilichopasuka, na juu ya kila kifuko kulikuwa na vitufe vya njano vya chavua ambavyo ungeweza kuvihesabu kimoja kimoja. Mwisho wa bomba, kana kwamba kuna mtu amejificha ndani anachungulia, vilitoka vijiti vitano vyembamba, na kila kimoja kilikuwa na kichwa cha duara chekundu, laini kama mahameli.

Kwa msomaji aliyesahau Sayansi ya shule ya msingi, nieleze. Zile nyuzi zenye vifuko ni stameni, yaani sehemu ya kiume. Vile vichwa vitano vya mahameli ni stigma, mlango wa sehemu ya kike, ambayo shingo yake huitwa staili. Katika maua mengi stameni husimama mbalimbali, zikiizunguka sehemu ya kike kama askari waliomzunguka mfalme. Katika hibiskasi hazifanyi hivyo. Zimeungana zikawa joho, na staili hupita ndani ya joho hilo hadi itokeze juu.

Niliitazama picha ile kwa muda mrefu kuliko mjukuu wangu alivyotarajia. Hakujua kwamba mawazo yangu yalikwisha ondoka kwenye ua. Nilikuwa nikimwona mtoto mmoja wa darasa la sita, mwaka 1983.

Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu katika shule moja ya bonde hili la Kilombero, sitaitaja. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 nchi ilikuwa imeamua kwamba kila mtoto aende shule, nayo nia ilikuwa njema. Lakini watoto walikuja kabla ya madawati, na kabla ya vitabu, na kabla ya walimu. Mwaka 1983 hali ya uchumi ilikuwa ngumu hata chaki tulizigawa kwa kuzivunja. Darasa la sita lilikuwa na watoto zaidi ya themanini. Mimi nilifundisha Sayansi pamoja na kazi za ofisi, na somo la sehemu za ua nililifundisha kama nilivyolikuta kitabuni: nilichora ua moja kubwa ubaoni, sepali chini, petali pembeni, stameni sita zimesimama kila moja peke yake, na katikati pistili iliyonyooka kama chupa. Nikaandika majina, nikachora mishale. Kisha nikawaagiza watoto waende nyumbani wachore ua la hibiskasi na kuonyesha sehemu zake.

Kesho yake madaftari yakaja. Karibu yote yalikuwa na ua langu la ubaoni. Daftari moja lilikuwa na kitu kingine. Mtoto huyo alikuwa amechora bomba refu, lenye vijinyuzi vinavyoning'inia pembeni, na mwisho wake vidole vitano. Mchoro haukuwa mzuri, kalamu ilikuwa butu, na hakujua aandike nini kwenye mishale. Mimi sikuuliza. Nikamtia kosa kwa wino mwekundu, nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikalinyanyua daftari lake juu, nikasema, "Huyu amechora ufagio." Darasa zima likacheka. Akafuta, akachora la ubaoni.

Mtoto yule hakuchora ufagio. Alichora ua. Katika watu themanini na kitu waliokuwa ndani ya chumba kile, yeye peke yake ndiye aliyekwenda kulitazama, na yeye peke yake ndiye aliyeadhibiwa. Na miti ya hibiskasi ilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni.

Sina kisingizio cha kutofundishwa. Katika chuo cha ualimu nilichosoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkufunzi wetu wa Sayansi alikuwa na msemo mmoja aliourudia hata tukamwigiza bwenini: kitu halisi kwanza, mchoro baadaye. Alitutoa nje tukachume maua, tukayapasue kwa wembe, tukayatazame kwa lenzi ya mkono moja iliyopita kutoka mtu hadi mtu. Nilipata alama nzuri katika somo lake. Nadhani hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu mtu aliyepata alama nzuri huona amekwisha tazama. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Ninawaheshimu wahenga, lakini baada ya miaka karibu arobaini ya kushika chaki ninaona kwamba hapa wametuachia nusu ya maneno. Mwenye macho ndiye hasa wa kuambiwa tazama, kwa maana kipofu anajua kwamba haoni.

Tangu asubuhi ile nimekuwa nikisoma kidogo kidogo habari za watu waliolitazama ua kabla yangu. Nilitaka kujua kama kosa langu ni la mtu mmoja au ni la wengi. Nimekuta kwamba ni la wengi, na la zamani.

Kwa karne nyingi wataalamu wa Ulaya walijua majina na dawa za mimea pasipo kukubaliana ua lina kazi gani. Mwaka 1694 daktari Rudolf Jakob Camerarius, wa mji wa Tübingen huko Ujerumani, alitoa matokeo ya majaribio yake. Alitumia mimea ambayo mkulima yeyote wa Kilombero anaijua, ikiwamo mnyonyo na mahindi. Alipoondoa sehemu za kiume mapema, mbegu zenye uhai hazikupatikana. Basi ikathibitika kwamba ua si pambo tu, ni mahali pa uzazi. Lakini chavua hufikaje kwenye stigma? Jibu kamili lilisubiri karibu miaka mia, na aliyelitoa alikuwa mwalimu mkuu mwenzangu.

Jina lake ni Christian Konrad Sprengel. Alizaliwa mwaka 1750, na tangu mwaka 1780 aliongoza shule katika mji wa Spandau, karibu na Berlin. Afya yake haikuwa nzuri, na daktari wake, Ernst Ludwig Heim, alimshauri ajishughulishe na mimea ili apate kupumzisha akili. Dawa hiyo ilimkolea kupita kiasi. Mwaka 1787, akiwa analitazama ua moja la porini la jamii ya jerani, aliona vinyweleo vidogo mno chini ya petali. Wengine walikuwa wamekwisha kuliona ua hilo. Yeye alijiuliza vinyweleo vile ni vya nini. Akagundua kwamba vinakinga mbochi, ule utamu wa ua, usiharibiwe na maji ya mvua. Na mbochi umewekwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mdudu. Na mdudu analipa nini? Anabeba chavua.

Kutoka kwenye vinyweleo vile alikwenda mbali. Alieleza kwamba mistari na madoa ya petali ni alama za njia zinazomwelekeza mdudu kwenye mbochi. Aliona kwamba katika maua mengi sehemu ya kiume na ya kike hazikomai kwa wakati mmoja, hivyo ua haliwezi kujizalisha lenyewe, lazima mgeni aje. Mwaka 1793 alitoa kitabu chenye maelezo ya mamia ya aina za mimea na michoro aliyoifanya mwenyewe. Wakubwa wa elimu hawakumjali. Shuleni kwake ugomvi ulikuwa umezidi, pamoja na malalamiko kwamba anayajali maua kuliko kazi. Mwaka 1794 aliondoka katika ukuu wa shule kwa pensheni, akaenda kuishi Berlin, akafa mwaka 1816 bila kuona heshima. Heshima ilikuja baadaye sana, pale Charles Darwin alipokisoma kitabu chake na kukisifu.

Niliposoma habari hizi nilifunga kitabu nikatoka nje. Mwalimu mkuu mmoja alilitazama ua akapoteza kazi. Mwingine hakulitazama kamwe, akasahihisha kwa wino mwekundu, akastaafu kwa barua ya pongezi.

Sprengel alikuwa mtu mzima aliyesoma. Kisa kingine kinamhusu mtoto, na kimetokea katika bahari hii yetu ya Hindi. Mmea wa vanila asili yake ni Meksiko. Wafaransa waliupeleka katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion, mwanzoni mwa karne ya 19. Ukastawi, ukachanua, lakini haukuzaa, kwa sababu ndani ya ua la vanila pana kipande chembamba kama ulimi kinachotenganisha chavua na stigma, na mdudu wa kuifanya kazi hiyo hakuwapo kisiwani. Huko Ubelgiji mwaka 1836 mtaalamu Charles Morren aliweza kulichavusha kwa mkono, lakini njia yake haikuwafaa wakulima.

Mwaka 1841, katika shamba moja la Sainte-Suzanne kisiwani humo, bwana aitwaye Ferréol Bellier-Beaumont alikuta mapodo ya vanila kwenye mmea uliokuwa haujazaa kwa miaka. Mtumwa wake, mtoto wa miaka 12 aitwaye Edmond, akamwambia kwamba ni kazi yake. Bwana hakuamini. Mtoto akachukua kijiti, akalifungua ua, akauinua ule ulimi kwa ncha ya kijiti, na kwa kidole gumba akaibana chavua juu ya stigma. Kazi ya sekunde chache, na lazima ifanyike asubuhi, maana ua hilo hufunguka siku moja tu. Bwana yule alikuwa amewahi kumwonyesha jinsi ya kuchavusha ua la mmea wa jamii ya tikiti. Lakini ua la vanila halifanani na la tikiti. Ilibidi mtoto alitazame mwenyewe.

Edmond alipelekwa shamba hadi shamba kuwafundisha wengine. Kisiwa kikatajirika, na yeye hakutajirika. Utumwa ulipofutwa huko mwaka 1848 alipewa uhuru na jina la ukoo, Albius. Mtaalamu mmoja mashuhuri wa mimea wa kisiwa hicho, Jean Michel Claude Richard, akadai kwamba njia ile ni yake na kwamba mtoto aliiona kwake. Bellier-Beaumont aliandika kumtetea Edmond, na hilo ni la kumhesabia. Edmond baadaye alifungwa kwa wizi, akaachiliwa kabla ya muda wake, na mwaka 1880 alikufa maskini. Wengi wa watumwa wa kisiwa kile walikuwa wametolewa Madagaska na pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, Kilwa ikiwamo. Leo mkulima wa vanila wa Madagaska, wa Komoro, wa Uganda au wa Bukoba akiinama asubuhi juu ya ua na kijiti chake, anafanya lile alilolifanya mtoto yule.

Sisemi kwamba mtoto wa darasa langu alikuwa Edmond Albius. Ninachosema ni kwamba kama angekuwa yeye, mimi nisingejua.

Sasa nirudi kwenye picha, maana ndizo zilizoniamsha. Kupiga picha ya kitu kidogo kwa karibu si jambo la simu za leo. Ukitaka ua lionekane kubwa kwenye kamera, lenzi ni lazima iwe mbali na mahali picha inapoangukia, au uongeze lenzi nyingine mbele yake kama alivyofanya mjukuu wangu. Gharama yake ni kwamba kadiri unavyosogea karibu, ndivyo sehemu inayoonekana sawasawa inavyozidi kuwa nyembamba. Ukiiona stigma vizuri, petali iliyo nyuma yake inapotea kama milima ya Udzungwa wakati wa ukungu. Na upepo mdogo usiotikisa hata jani la mpunga, kwenye picha hiyo ni kimbunga. Ndiyo maana kazi hii ni ya asubuhi, na ya mtu mwenye subira.

Aliyeifikisha mbali alikuwa mwalimu pia. Karl Blossfeldt, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1865, alifundisha katika shule ya sanaa na ufundi huko Berlin kwa takriban miaka thelathini. Wanafunzi wake walikuwa mafundi wa baadaye, wahunzi na wachongaji, naye alitaka wajifunze maumbo kutoka kwenye mimea yenyewe. Alijitengenezea kamera za mbao zenye mfuko mrefu wa mikunjo, akapiga maelfu ya picha za vichipukizi, maganda ya mbegu na vikonyo, mbele ya karatasi tupu, akizikuza hata mara thelathini. Hakutafuta mimea ya bustani za matajiri. Mingi aliiokota kando ya njia na reli. Picha zile zilikuwa zana zake za kufundishia, na hakujulikana hadi mwaka 1928, kilipotoka kitabu cha picha zake, akiwa amekwisha pita miaka sitini. Mtu akiziona huona nguzo za makanisa, fimbo za wafalme, vyuma vilivyosokotwa. Ni magugu tu, yaliyotazamwa na mwalimu aliyekataa kuchora la ubaoni.

Na sisi wa Ifakara hatuna haki ya kusema kwamba mambo haya ni ya Ulaya. Tangu miaka ya 1950, Profesa Rudolf Geigy na Waswisi wenzake walipofungua maabara yao ndogo hapa, mji wetu umeishi na watu wanaoinamia hadubini. Maabara hiyo ndiyo iliyokua hata ikawa Taasisi ya Afya ya Ifakara ya leo. Kutambua mbu wa malaria kati ya mbu wengine ni kazi ya kutazama vitu vidogo kama vile madoa ya mbawa na urefu wa vipapasio vya kichwani. Bonde zima limefaidika na utazamaji huo. Ni mimi tu niliyepita kila siku mbele ya geti lao nikienda kuchora stameni sita.

Mwaka jana nilipata habari za yule mtoto. Ni mzee sasa naye, ana wajukuu, na analima kakao huko Mbingu. Msomaji asiye wa kwetu huenda hajui kwamba kakao ya Tanzania haitoki Kyela peke yake. Hata bonde letu la mpunga na miwa linaitoa, hasa chini ya milima, kule kwenye unyevu na kivuli. Mjukuu wangu alinisafishia ile picha ya hibiskasi kwenye karatasi kubwa. Nikaifunga vizuri, nikapanda basi la Mlimba, milima ya Udzungwa upande wa kulia na mashamba ya mpunga upande wa kushoto, nikashuka Mbingu nikauliza njia.

Alinipokea kwa "Shikamoo, Mwalimu," kama ambavyo angenipokea mwaka 1983, akamtuma mtoto alete kiti. Tulizungumza habari za mvua na bei. Kisha nikatoa picha, nikamweleza kilichonileta. Nilikuwa nimejitayarisha kusema mengi, lakini maneno yalikuwa machache: kwamba alichora sawa, na mimi nilikosea, na nilimfanya achekwe.

Aliishika picha, akaitazama, akakaa kimya. Nilidhani amesahau, na moyoni nilitamani awe amesahau.

"Mwalimu," akasema, "siku ile nilikuwa nalo mfukoni."

Nikamwuliza nini.

"Ua. Nilikuja nalo shule nikuonyeshe. Uliponisimamisha lilikuwa humu." Akagusa mfuko wa kaptura ambayo haipo. "Baada ya siku ile nilichora la ubaoni tu, na nilikuwa napata."

Sikuwa na la kujibu. Kupata ndiko kulikoniumiza. Nilikuwa nimemfundisha mtoto mwenye macho kwamba asiyatumie, na kila nilipomtia alama ya pata nilikuwa nikilirudia somo hilo.

Yeye hakuwa na kinyongo, au kama alikuwa nacho alikimeza kwa adabu. Alisimama akasema, "Hili la hibiskasi ni kubwa, Mwalimu. Njoo nikuonyeshe dogo." Akanipeleka shambani. Maua ya kakao hayaoti kwenye ncha za matawi, huchomoza kwenye gome la shina lenyewe, na ni madogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Alinikalisha kwenye gogo, akaninamisha kichwa kama mimi nilivyokuwa nikiwainamisha wao. Niliona nyota nyeupe yenye wekundu kwa mbali. Katikati yake vilisimama vijiti vitano vyekundu vilivyochongoka, kama uzio kuzunguka staili. Nikauliza stameni zenye chavua ziko wapi. Akachukua mwiba, akaifungua petali moja polepole. Kila petali ina kifuko, na humo ndani ndimo chavua imefichwa.

Nyuki ni mkubwa mno kwa kazi hii. Anayeifanya ni kijidudu jamii ya usubi, ambacho huwezi kukiona usipokitafuta, na kijidudu hicho huzaliana kwenye majani yanayooza na maganda ya kakao yaliyolala chini. Maua mengi huanguka bila kuchavushwa. Mwenzangu alisema zamani alifagia chini ya mikakao yake ikang'aa kama uwanja wa shule, maana shuleni ndivyo alivyofundishwa, kwamba usafi ni kufagia. Siku hizi anayaacha majani yalale. Nikamwuliza nani alimwambia. Akasema bwana shamba aliwaeleza, lakini yeye alikuwa amekwisha kuona kwamba mikakao iliyo kwenye takataka huzaa zaidi. "Nilikuwa natazama tu, Mwalimu."

Basi macho yake hayakufa. Ninamshukuru Mungu kwa hilo, na sijipi sifa yoyote ndani yake.

Kabla sijaondoka alitoa kalamu, akaniwekea picha ile magotini akicheka. "Basi nisahihishie," akasema. Kalamu ilikuwa ya wino wa buluu. Mkono wangu siku hizi unatetemeka kidogo. Niliandika alama ya pata pembeni mwa ua, kubwa, kama tulivyokuwa tukiandika zamani, na chini yake tarehe ya siku hiyo. Akaibandika ukutani, juu ya kalenda.

Jioni niliporudi Ifakara watoto wa jirani walikuwa wakicheza mpira kando ya uzio wangu. Nikamwita mmoja, nikachuma ua la hibiskasi, nikamwuliza anaona nini katikati. Akalitazama, akanitazama mimi usoni kujua jibu ni lipi. Nikamwambia asinitazame mimi.